Safari ya Gunia: Jinsi Msaada wa Dharura Ulivyotafuta Njia ya Kufika Magu

Utangulizi

Kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja huandika kwanza habari za wachungaji na wainjilisti, majengo, kwaya na shule. Habari hizo zina sura zake humu. Sura hii inahusu jambo lisilo na jiwe la msingi wala picha ya uzinduzi, yaani gunia la nafaka: jinsi lilivyosafiri nyakati za njaa na mafuriko, njia lilizopita, na sababu zilizofanya mara nyingine lifike wakati watu wamekwisha kula hata mbegu zao. Hakuna kizazi katika Magu ambacho hakikuonja ukame, na ni nadra kuwapo kwa usharika ambao haukubishiwa hodi na mwenye njaa.

Hoja yetu ni hii. Tangu reli na meli zilipofika katika Ziwa letu, sehemu ngumu ya msaada haikuwa ile ya maelfu ya kilomita kutoka ng'ambo hadi Mwanza. Sehemu ngumu ilikuwa ile fupi, ya kutoka barabara kuu hadi kijijini, na ya kutoka mlango wa ghala hadi mlango wa mjane. Kwa sababu hiyo watu wa mahali walikuwa na nafasi kubwa katika kazi hiyo kuliko walivyodhani wenyewe.

Kabla ya reli: hesabu ya mpagazi

Wazee wa Usukuma hawakungoja msaada kutoka mbali, kwa kuwa haukuwapo. Kinga yao ilikuwa kihenge kilichojaa mtama na uwele, viazi vilivyokaushwa kuwa michembe na matobolwa, ng'ombe walioweza kubadilishwa kwa nafaka, na ukoo uliotawanyika katika nchi pana, ili mvua ikikosa upande mmoja pawe na ndugu upande mwingine. Nafaka iliyotolewa kwa mtemi ilikuwa akiba pia, nayo ilitazamiwa kurudi kwa watu katika mwaka mbaya.

Kwa nini msaada wa mbali haukuwezekana? Jibu limo katika hesabu rahisi. Mpagazi wa Kisukuma au Kinyamwezi, aliyesifiwa katika njia zote za misafara, alibeba mzigo wa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32. Yeye mwenyewe alihitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Safari kutoka pwani hadi kusini mwa Ziwa ilichukua takriban miezi mitatu. Kama angebeba nafaka na kula katika mzigo wake, ungekwisha kabla hajafika Tabora. Ndiyo maana misafara ilibeba nguo, shanga na pembe, na chakula kilinunuliwa njiani. Sotoka ilipoangamiza ng'ombe wa nchi hizi katika miaka ya 1890, familia zilizopoteza mifugo zilikuwa na njia mbili tu: kuhama au kutegemea jirani.

Reli, meli na pamba

Mambo yalibadilika kwa hatua. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za mvuke zikaunganisha Kisumu na bandari nyingine za Ziwa. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928. Behewa moja liliweza sasa kubeba tani 40 hivi, mzigo ambao ungehitaji wapagazi zaidi ya elfu moja. Kuanzia hapo nafaka ya Uganda, ya nyanda za juu au ya ng'ambo iliweza kufika Mwanza kwa siku au majuma machache.

Lakini Mwanza si Magu, na Magu mjini si Shishani wala Ng'haya. Barabara nyingi za ndani zilifunguliwa au kupanuliwa kwa ajili ya pamba, zao lililoipa Kanda ya Ziwa fedha na nguvu. Vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na baadaye Nyanza Co-operative Union, vilijenga ghala vijijini na kupeleka malori hadi kwenye vituo vya kununulia. Ghala la chama cha msingi lenye sakafu kavu, mlango wa kufunga, mzani na karani ndiyo nyenzo ambayo kazi ya msaada huihitaji kuliko nyingine yoyote.

Hata hivyo barabara ya pamba ina kasoro moja. Hutengenezwa kwa ajili ya msimu wa ununuzi, ambao ni wa kiangazi, kuanzia Juni. Njaa hubana kwa nguvu zaidi kati ya Desemba na Machi, wakati kihenge kimekwisha na mazao mapya bado yako shambani. Miezi hiyo ndiyo ambayo mvua hulainisha udongo mweusi wa mbuga, lori likazama hadi kwenye ekseli. Mvua inayomtia mkulima matumaini ndiyo hiyohiyo inayofunga njia ya chakula chake. Jambo hili moja limeharibu mipango mingi ya msaada iliyokuwa mizuri kwenye karatasi.

Uhuru na mahindi ya njano

Mwaka wa Uhuru, 1961, uliipata Tanganyika katika ukame, na mwishoni mwake zikaja mvua kubwa mno. Mahindi ya msaada kutoka Marekani yaligawiwa katika sehemu mbalimbali za nchi. Ziwa nalo likaanza kupanda, na kufikia mwaka 1964 lilikuwa limeongezeka zaidi ya mita 2. Wenyeji wa ukanda wa Ghuba ya Speke waliona maji yakitwaa mashamba na njia za pwani. Hivyo katika kipindi kifupi watu waliona majanga mawili yanayodhaniwa kuwa ni kinyume, yaani ukosefu wa maji na wingi wa maji, na yote mawili yaliishia katika swali lilelile la njia.

Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 ulikuwa mtihani mkubwa zaidi. Serikali ilitumia fedha nyingi za kigeni kununua nafaka nje, na Shirika la Taifa la Usagishaji likawa mkono wa kuisambaza. Wakati huohuo Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilikuwa ikihamisha watu, na Magu yenyewe ilianza kuwa wilaya katika mwaka huo. Ndipo mahindi ya njano kutoka ng'ambo yalipozoeleka, na watu wakayaita yanga kwa sababu ya rangi yake. Wengi hawakuyapenda. Waliyaona kuwa chakula cha mifugo, na ladha yake haikuwa ya mahindi meupe wala ya mtama. Hata hivyo jikoni yalipikwa, kwa maana mwenye njaa hachagui.

Katika mfumo wa miaka hiyo aliyejua nani yuko wapi alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mfumo huo ulianza katika miaka ya 1960 kwa shughuli za chama na za ulinzi, lakini wakati wa njaa balozi aligeuka kuwa mtunza daftari. Alijua kaya ipi ina ng'ombe watatu waliobaki, ipi ina mtoto aliye nje anayetuma fedha, na ipi haina kitu. Taifa lilijifunza pia kwamba haifai kuanza kununua chakula baada ya njaa kuingia. Hifadhi ya nafaka ya Taifa iliyoanzishwa baadaye katika miaka hiyo ya 1970 ilirithiwa mwaka 2008 na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na kanda ya Shinyanga ya Wakala huo ndiyo inayoiangalia sehemu hii ya nchi.

Shule ya Ngara, 1994

Somo kubwa kuliko yote kuhusu usafirishaji wa msaada katika Kanda ya Ziwa halikutokana na ukame. Lilitokana na vita na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku moja.

Tuangalie maana yake kwa hesabu. Kipimo cha kawaida cha nafaka ni gramu 400 kwa mtu kwa siku. Watu 250,000 wanahitaji tani 100 kila siku, yaani malori kumi ya tani kumi yanayofika leo, kesho na keshokutwa bila kukosa, kabla hatujahesabu maharage, mafuta, chumvi, kuni na maji. Nafaka ilipanda reli kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, ikashushwa na kupakiwa tena katika malori kwenda Ngara. Mwanza, kwa bandari yake na uwanja wake wa ndege, ikawa mojawapo ya vituo vya shughuli hizo.

Hapa historia ya Kanisa inagusana moja kwa moja na habari yetu. TCRS, shirika lililoundwa mwaka 1964 na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kwa mapatano na Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lilikuwa na uzoefu wa miaka thelathini katika makazi kama Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Katika makazi hayo lilijifunza kwamba kuhudumia watu ni kuchimba visima, kulima barabara, kutengeneza malori na kutunza vipuri. Mwaka 1994 lilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyofanya kazi mkoani Kagera.

Ngara ilifundisha pia jambo lisilopendeza. Mwanzoni chakula kiligawiwa kupitia viongozi ambao wakimbizi walikuja nao, na baadhi yao waliongeza hesabu ya watu wao na kuitumia nafaka kama fimbo ya utawala. Mashirika yalilazimika kuhesabu watu upya na kusogeza ugawaji karibu zaidi na kaya. Gunia lilikuwa limekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 salama. Hatari ilikuwa katika mita mia za mwisho.

Mwaka njia zilipokatika

Miaka mitatu baadaye lilikuja fundisho jingine. Mwaka 1997 mikoa mingi ya Tanzania ilikuwa na upungufu wa chakula uliotokana na ukame. Kisha, kuanzia mwishoni mwa mwaka huo hadi 1998, zikanyesha mvua za El Niño. Nchi iliyokuwa ikililia mvua ikapata mafuriko. Reli ya Kati ilisombwa katika sehemu za kati ya Kilosa na Dodoma, madaraja na makalavati yakang'oka, na kipindupindu kikaenea. Uhaba wa chakula na ukosefu wa njia ya kukileta vilikuja pamoja.

Kipande hicho cha reli kimeonekana kuwa kiungo dhaifu zaidi ya mara moja. Mafuriko ya Desemba 2009 yalikikata tena, na treni hazikupita kwa miezi kadhaa. Anayeishi Magu anaweza kudhani kwamba mto unaofurika huko Kilosa haumhusu. Lakini bei ya debe la mahindi sokoni Magu inaweza kuamuliwa na tuta la reli ambalo hajapata kuliona.

Nalo Ziwa lina tabia zake. Katika ukame wa 2005 na 2006, ambao mamilioni ya Watanzania walihitaji chakula, maji yalishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka zaidi ya 80, na vyombo vikapata taabu katika baadhi ya magati. Mwezi Mei 2020 yalipanda hadi kupita kidogo kile kiwango cha mwaka 1964, yakaingia katika nyumba na mialo. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilikuwa la namna nyingine tena. Chakula kilikuwapo, lakini maelfu ya nyumba zilibomoka au kupata nyufa, na kilichotakiwa haraka kilikuwa maturubai na mablanketi, kisha mabati na saruji. Kila janga lina gunia lake, na kupeleka gunia lisilohitajika ni kuziba njia ya linalohitajika.

Hesabu ya Magu

Baada ya kutazama mifano hiyo tunaweza kuipima wilaya yetu. Tuchukue kijiji cha watu 3,000 kilichopoteza mavuno. Kwa kipimo cha kilo 12 kwa mtu kwa mwezi, kinahitaji tani 36, ambazo ni magunia 360 ya kilo mia. Hizo ni safari nne za lori la tani kumi. Ikiwa vijiji vya namna hiyo ni thelathini, zinahitajika tani 1,080 kwa mwezi, sawa na mabehewa 27 na safari 108 za lori.

Kutoka Mwanza hadi Magu mjini ni kilomita 60 hivi za lami, na lori linaweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Kazi inaanza linapoacha lami kuelekea Kabila, Nkungulu au Shishani. Mvua ikinyesha mchana, lori hulala njiani. Likilala njiani, mzigo unahitaji mlinzi na turubai, na ratiba ya vijiji vingine inavurugika. Daraja la mto Simiyu likipata hitilafu, sehemu ya mashariki inatengana na Mwanza na inabidi itazamwe kutoka upande wa Musoma.

Katika hali hiyo chombo cha thamani ni mkokoteni wa ng'ombe. Unabeba magunia matano hadi kumi, hauhitaji dizeli, na hupita mahali ambapo lori limeshindwa. Lakini katika mwaka wa ukame ng'ombe wamekonda. Jambo lililo la hekima ni kuyaweka magunia katika ghala za vijijini kabla ya mvua, yaani Septemba na Oktoba, wakati njia ni kavu na maksai bado wana nguvu. Mbegu nazo zifike wakati huo. Mbegu ya mtama au ya mahindi ya muda mfupi inayofika baada ya wakati wa kupanda italiwa, na njaa ya mwaka mmoja itakuwa ya miwili. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Kizuizi cha hatua hiyo ni cha kibinadamu. Septemba hakuna anayeonekana kufa njaa. Wakuu wa mbali huamini picha za watoto waliodhoofika, na picha hizo hupatikana Februari. Anayeweza kuona Septemba ni jirani: anaona bei ya ng'ombe ikishuka na ya mahindi ikipanda, anaona binti ameacha shule, anaona watu wakila mlo mmoja. Mwanauchumi Amartya Sen alionyesha mwaka 1981 kwamba watu wanaweza kufa njaa hata chakula kikiwapo sokoni, wakikosa uwezo wa kukipata. Mfugaji anayetoa fahali kwa debe chache za mahindi analijua jambo hilo bila kusoma kitabu.

Daftari la majina

Mwisho wa safari ya gunia ni jina katika daftari. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia, na si jambo geni. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinaeleza jinsi Kanisa la kwanza lilivyopata manung'uniko kwa sababu wajane wa kundi moja waliachwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliwaambia waumini wachague miongoni mwao watu saba wenye sifa njema wasimamie kazi hiyo. Na Paulo, alipopeleka changizo Yerusalemu, alihakikisha hapeleki fedha peke yake, ili asiwepo wa kumlaumu.

Kwa lugha ya leo tungesema kwamba mambo matatu yalizingatiwa: orodha isiyomwacha mnyonge, wagawaji waliochaguliwa na jamii yenyewe, na mashahidi zaidi ya mmoja katika kila makabidhiano. Orodha isomwe hadharani, mbele ya mkutano wa kijiji, ili aliyeachwa aseme na aliyejiongeza aone haya. Idadi ya magunia yaliyopokelewa iandikwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuiona. Na asibaguliwe mtu kwa dhehebu lake. Katika Magu Walutheri wanaishi pamoja na majirani wa AIC, Wakatoliki, Waadventista, Waislamu na wanaofuata dini za jadi, na tumbo lenye njaa halina dhehebu.

Hitimisho

Njia zimekuwa bora kuliko zamani. Meli ya MV Umoja ilirudi mwaka 2018 kuvusha mabehewa kati ya Mwanza na Port Bell, na daraja refu la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwezi Juni 2025, likaondoa foleni ya kivuko iliyochelewesha malori ya kwenda Geita na Kagera. Simu ya mkononi inaweza kufikisha fedha kwa mama wa Ng'haya kabla lori halijawashwa Mwanza, mradi soko la karibu lina mahindi.

Lakini reli, meli, daraja na simu haviwezi kujua ni nani katika kitongoji amefunga mlango kwa aibu ya kuomba. Hilo hujulikana na jumuiya inayokutana nyumba kwa nyumba, na mzee wa kanisa anayeuliza kwa nini fulani hakuonekana Jumapili. Usharika unaoingia katika karne yake ya pili hauna uwezo wa kununua mabehewa 27, wala hautakiwi. Unaweza kuwa na chumba kikavu, mzani usiodanganya, na daftari lililoandikwa Septemba. Sehemu ya mavuno yanayoletwa madhabahuni Julai ikibaki katika chumba hicho hadi Februari, gunia la kwanza litakuwa limefika kabla ya safari kuanza.